Nani atahesabu masiku?



Niliposema kwamba zamu yangu nitaandika juu ya kuvuna maji ya mvua, rafiki mmoja wa promotion yetu alinicheka: "Weye mtoto wa Kailo, unavuna mvua ya nini? Kwenu mvua njo inavuna batu." Ana haki ya kucheka. Kwetu mvua inapita milimita 1500 kwa mwaka, na pori linaanza nyuma ya jikoni. Mtu akitaja nchi kavu, tunafikiria Turkana ama Dodoma, hatufikirii Maniema. Lakini nivumilieni kidogo, kwa sababu swali lililonifanya nisome historia hii niliulizwa Kailo, na jibu lake nililipata Machakos na Usukuma, mahali ambapo sijakanyaga.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikuwa nyumbani. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane tunapata kiangazi chetu, kifupi lakini cha kweli. Vijito vinapungua, wamama wanapanda na bidoni kichwani kwenda kumwagilia lengalenga na nyanya, na udongo wa mashamba ya mlimani unakauka mpaka unalia chini ya jembe. Halafu mvua inarudi kwa hasira, inaanguka juu ya ule udongo mgumu na haiingii. Inateremka tu. Inabeba majivu ya pori tulilochoma, inabeba udongo mweusi wa juu, inaupeleka mtoni, na sisi tunabaki na udongo mwekundu. Misimu miwili, mitatu, mupunga hautoki tena vizuri, na baba anachukua shoka kwenda mbele zaidi kukata pori lingine. Mvua tunayo. Shida yetu ni kwamba inapita kwetu kama mgeni asiyesalimia.

Basi mimi, na lisansi yangu ya agronomi mfukoni, nikachora plan. Mitaro inayofuata usawa wa mlima, ya kushika maji na udongo, na chini yake bustani za mboga ambazo zingebaki na unyevu mpaka katikati ya kiangazi. Nikaipeleka kwenye baraza. Watu walisikiliza vizuri. Mkubwa mmoja wa pale akaipenda sana, akasimama na kutoa njia ya kuitekeleza: salongo. Kila Jumamosi kila nyumba itoe mtu mmoja, kila mtu apimiwe mita zake, na asiyekuja atoe kuku. Mimi, nisifiche, nilifurahi. Nilikuwa tayari ninahesabu mita kichwani.

Hapo babu mmoja wa upande wa mama, ambaye alikuwa amenyamaza tangu mwanzo, akauliza swali moja tu: "Na masiku, nani atayahesabu?"

Vijana hatukuelewa. Mmoja akajibu kwamba siku ni Jumamosi, hazihitaji kuhesabiwa. Wazee wenyewe waliangalia chini. Baraza likaisha bila uamuzi, watu wakarudi makwao, na mimi nikabaki na karatasi yangu nikijiuliza nimekosea wapi.

Usiku nikamfuata. Akaniambia juu ya baba yake. Katika utoto wake, "masiku" lilikuwa jina la kazi. Mtu alikuwa na masiku yake ya pamba na masiku yake ya mupunga, kapita anapita na karatasi, na ambaye masiku yake hayakutimia anajua kinachomngoja. Hakusema zaidi. Hayo mengine niliyakuta kwenye vitabu niliporudi Kindu.

Sheria ya tarehe 20 Februari 1917 iliipa serikali ya Wabelgiji uwezo wa kumlazimisha mkulima wa Kongo alime mazao ambayo serikali yenyewe imechagua, siku 60 kwa mwaka. Vita vya pili vya dunia vilipowaka na Kongo ikatakiwa kutoa mali kwa ajili ya washindi, mwaka 1942 siku 60 zikawa 120. Theluthi ya mwaka mzima. Maniema ilipewa pamba na mupunga. Bei haikupangwa na aliyelima. Asiyetimiza alikuwa na faini, jela na fimbo. Na wakati huohuo migodi ya bati ya Kailo na Kalima ilikuwa inawavuta wanaume, kwa hiyo sehemu kubwa ya hayo masiku ilianguka juu ya mgongo wa wanawake na wazee.

Kwetu sisi wa agronomi hapa kuna jambo linalouma. Wabelgiji hawakuwa wajinga wa udongo. Mwaka 1933 walianzisha INEAC, kituo chao kikuu kikiwa Yangambi, na kazi zilizofanywa pale juu ya udongo, mawese na mupunga bado tunazisoma leo, bado tunazinakili kwenye TFC zetu. Mtu aliyefika kijijini kumwambia babu wa babu yangu apande kwa mistari, pengine alikuwa anasema ukweli mtupu wa kisayansi. Lakini nyuma yake alisimama mwenye fimbo. Na watoto wa aliyepigwa walikumbuka mstari na fimbo kama kitu kimoja.

Nilipofika hapo nikajiuliza kama kuna mahali ambapo jambo hili lilitokea kwa maji ya mvua yenyewe, yaani mbinu nzuri iliyoingia kwa nguvu, na baadaye ikawaje. Jibu lilikuwa kwenye neno ambalo tayari nililijua.

Wale wa faculté yetu mnakumbuka "fanya juu". Mimi nilikutana nalo kwenye kitabu cha Kifaransa, na aliyetufundisha alilitamka kama jina la Mjapani. Nikamnong'oneza jirani yangu: bwana, hii ni Kiswahili! Maana yake tupa udongo juu. Ni moja ya maneno machache ya lugha yetu yaliyoingia kwenye vitabu vya kilimo vya dunia nzima, na yaliingia kupitia Ukambani, Kenya, hasa wilaya ya Machakos.

Kazi yenyewe ni hii. Unachimba mtaro unaofuata usawa wa mlima, karibu sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Udongo unaoutoa unautupa upande wa juu wa mtaro, si wa chini, na hapo ndipo jina lilipotoka. Unapata tuta. Juu ya tuta unapanda majani ya ng'ombe ili mizizi ilishike. Mvua ikiteremka inagonga tuta, inapunguza mbio, inaangusha udongo wake nyuma ya tuta na kuingia ardhini. Mwaka kwa mwaka nafasi kati ya tuta na tuta inajijaza, inalala, mpaka mlima unakuwa ngazi. Maji yanayovuka yanaingia mtaroni, na watu wanapanda migomba na mipapai mle ndani. Kinyume chake ni "fanya chini": udongo unatupwa upande wa chini. Ni rahisi zaidi kwa mgongo, maana haunyanyui kitu, lakini mlima unachelewa sana kuwa ngazi.

Sasa historia. Wakati wa ukoloni Wazungu walichukua ardhi nzuri kuzunguka Machakos, Wakamba wakabanwa katika eneo lililowekwa mipaka, na ng'ombe wao pamoja nao. Katika miaka ya 1930 ukame ulirudi mara kwa mara. Mwaka 1937 ofisa wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti iliyosema kwamba watu wale wanateleza kwenye umaskini usio na tumaini na nchi yao inageuka jangwa la miamba, mawe na mchanga. Serikali ikaamua kwamba mkosaji ni ng'ombe. Mwaka 1938 ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu, wakati kiwanda kipya cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kinahitaji ng'ombe wa bei rahisi. Wakamba kwa maelfu wakatembea mpaka Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko wiki nyingi wakitaka kusikilizwa na gavana. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma juu ya mifugo. Leo Nairobi ina mtaa wenye jina lake, na sidhani wengi wanaopita pale wanajua kwamba jambo lilianzia kwenye mmomonyoko wa udongo.

Baada ya vita ukaja mpango mkubwa wa ardhi, na pamoja nao kazi ya lazima: kila wiki asubuhi fulani za kuchimba mitaro, chini ya macho ya chifu. Kilomita na kilomita zilichimbwa. Nyingi zilikuwa mitaro myembamba isiyodumu; mvua kubwa ikija inaziba, na wiki inayofuata watu wanaitwa kuchimba tena palepale. Machakos haikuwa peke yake. Mwaka 1947, kule Murang'a, wanawake wa Kikuyu walikataa kuendelea kuchimba. Na upande wa Tanganyika, kwenye milima ya Uluguru juu ya Morogoro, ambako Waluguru walilazimishwa kukata ngazi kwenye miteremko mikali, mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakapiga risasi na mtu mmoja akafa. TANU ilipata wanachama wengi mlimani kutokana na ngazi zile. Ngazi zenyewe ziliachwa.

Niliposoma habari ya Matombo nilifunga simu, nikatoka nje. Mtu mmoja aliuawa katika ugomvi juu ya jambo ambalo mimi ninalifundisha vijana wa mtaani kwetu bure siku ya Jumapili. Plan yangu ya Kailo ilikuwa ndani ya begi, na pembeni nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: salongo, kuku 1.

Uhuru wa Kenya ulipofika mwaka 1963, Machakos iliacha mitaro. Hilo lilieleweka, mitaro ilinuka ukoloni. Kama historia ingesimama hapo, tungesema Wakamba walikataa mbinu, mambo yakaisha. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 na hasa miaka ya 1970, watu walewale walianza kuchimba tena, safari hii wenyewe, kwenye mashamba yao wenyewe, na wakachagua fanya juu, ile ngumu zaidi, siyo ile nyembamba waliyolazimishwa.

Kwa nini? Waliochunguza wanataja mambo mengi yaliyokutana. Ardhi ilikuwa inagawanywa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe, kwa hiyo mtu alichimba akijua mtoto wake atakula hapo. Wakamba walikuwa wamepewa ruhusa ya kulima kahawa tangu miaka ya 1950, na kahawa inalipa jasho. Nairobi ilikuwa karibu, inataka matunda na mboga. Wanaume wengi walifanya kazi mjini na kutuma pesa ya kulipa wachimbaji. Na shamba lenye tuta lilionyesha tofauti katika msimu mbaya, jirani anapita njiani, anaona mahindi ya huyu yamesimama na yake yamelala. Hakuna ofisa anayeweza kuhubiri kama hivyo.

Kulikuwa pia na mwethya. Hii ni desturi ya Wakamba ya zamani: leo tunalima kwako, kesho kwangu, wewe unapika. Katika vikundi hivyo wengi walikuwa wanawake, na waliwachagua viongozi wao wenyewe. Mukiangalia kutoka mbali, mwethya na kazi ya lazima vinafanana kabisa: watu thelathini kwenye mlima, majembe, wimbo. Tofauti ni nani anayehesabu.

Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya Machakos. Walionyesha kwamba kati ya mwaka 1932 na 1989 watu waliongezeka kutoka karibu 240000 mpaka karibu milioni 1.4, na katika muda huo mmomonyoko ulipungua, miti iliongezeka, na thamani ya mavuno kwa kila mtu ilipanda. Yaani kinyume kabisa na utabiri wa Maher. Kitabu hicho kilipingwa na wengine, na mimi nafikiri wapinzani wana sehemu ya haki: wapo maskini wa Machakos ambao hawakuingia kwenye hiyo picha nzuri, na si kila mahali pana Nairobi kwenye umbali wa kilomita sitini na kitu. Sisi soko letu ni Kindu, na barabara munaijua. Lakini hata mpinzani hawezi kukataa kwamba ngazi zipo, na kwamba waliozichimba ni wajukuu wa wale waliozikataa.

Kuna mtu atasema: basi Mzungu alileta, Mwafrika akakubali baadaye, njo historia yote. Hapana. Nenda Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali pa mvua kidogo sana. Pale kuna karibu hekta 2000 za mashamba yaliyozungushwa mawe, na mifereji iliyopangwa kwa mawe, iliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, kabla Mzungu yeyote hajafika upande ule. Maji yalitoka kwenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Wachimbaji wa mambo ya kale wameona kwamba baadhi ya mashamba yale yalijengwa na maji yenyewe: watu waliweka mistari ya mawe, maji ya mafuriko yakaja na tope, tope likabaki nyuma ya mawe, shamba likapanda. Ni akili ileile ya fanya juu, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Maher. Watu wa Engaruka waliondoka, na mawe yao bado yamepangwa.

Lakini mfano uliokaa karibu zaidi na moyo wangu ni wa mupunga, kwa sababu unapita kwetu.

Munajua mupunga haukuzaliwa Maniema. Uliletwa na misafara ya Waarabu na waungwana kutoka pwani, njia ya Tabora na Ujiji, wakavuka Tanganyika wakafika Nyangwe na Kasongo. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akakuta soko kubwa kando ya Lualaba, na mwezi wa saba mwaka ule aliona kwa macho yake wafanyabiashara wakiwapiga risasi watu wa soko hilo. Baadaye Kasongo ikawa mji wa Tippu Tip, na mashamba makubwa ya kuulisha yalilimwa na watumwa. Kiswahili hiki ninachoandika na mupunga tunaokula vilikuja katika msafara mmoja, na msafara huo ulibeba minyororo. Kwa hiyo hata kabla ya Mbelgiji, kilimo cha mupunga kwetu kilianza chini ya mkono wa mtu mwingine. Ndugu zetu walioenda upande wa pili, Wamanyema wa Ujiji na Tabora, wako huko mpaka leo.

Sasa tazama mupunga huohuo katika nchi kavu, upande wa Shinyanga, Mwanza na Tabora. Mvua ya Shinyanga ni karibu nusu ya ile ya kwetu, na inakuja bila kufuata kalenda. Mtu wa akili atasema hapo panda mtama, na kweli serikali, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, zilihimiza mazao ya kuvumilia ukame. Lakini katika karne ya 20 Wasukuma walienea na majaluba. Jaluba ni shamba dogo lililozungushwa tuta la udongo pande zote, kama sinia. Linawekwa chini kwenye bonde, penye udongo mzito unaoshika maji, na mlima wote wa juu unakuwa kama paa la nyumba: mvua inayoanguka kule juu inateremka mpaka kwenye sinia. Tuta likiwa na nusu mita hivi, maji yanakaa, na mupunga unasimama ndani ya maji katika nchi ambayo kwenye ramani haifai kwa mupunga. Watafiti wa Tanzania walihesabu kwamba majaluba ya namna hiyo yalikuwa yanatoa karibu theluthi moja ya mpunga wote wa nchi yao.

Hakuna aliyepigwa fimbo kwa ajili ya jaluba. Hakuna kapita. Mtu aliona la jirani, akatengeneza lake, mwaka uliofuata akaongeza la pili kwa sababu mchele unauzwa kuliko mtama. Na pia, tuseme ukweli, kwa sababu wali ni mtamu.

Nilirudi Kailo mwezi wa kumi. Sikupeleka plan kwenye baraza tena. Nilimwomba mama sehemu ya shamba lake la mlimani, akanipa upande mbaya, ule uliochoka, akisema kama nitaharibu nisiharibu pazuri. Nikatengeneza kipimo cha usawa: miti miwili mirefu na mmoja wa kukatisha katikati, umbo la herufi A, kamba na jiwe likining'inia. Nikachimba fanya juu tatu na wadogo zangu wawili. Majirani walipita wakisalimia kwa heshima ya kumsalimia mgonjwa.

Mwezi wa kumi na moja, usiku mmoja, mvua iliangusha tuta la kwanza, la kwanza likaangusha la pili. Asubuhi nilikuta shimo ambalo ningeweza kulala ndani. Kosa lilikuwa langu. Nilinakili vipimo vya Machakos, ambako shida ni kushika kila tone, nikavileta mahali ambapo usiku mmoja unaweza kujaza mtaro mara mbili. Kwetu mtaro hauwezi kulala sawa kabisa kama kule. Unatakiwa uiname kidogo sana, kama sentimita 50 kwa kila mita 100, na mwisho wake uwe na mlango wa maji uliotandikwa mawe, ili yanayozidi yatoke polepole bila kukata udongo. Jambo hili limo kwenye vitabu. Nilikuwa nimelisoma na hata kulijibu kwenye mtihani. Mama hakusema kitu, alitazama shimo, akauliza kama nimekula.

Tukaanza upya, mtaro mmoja badala ya mitatu. Juu ya tuta nilitaka kupanda majani ya ng'ombe kama Machakos, mama akakataa: ng'ombe iko wapi? Akapanda mananasi. Alikuwa na haki kuliko kitabu. Mizizi yake inashika, miiba yake inazuia mbuzi, na yanauzwa.

Mwaka huu kiangazi kilipoingia, udongo nyuma ya lile tuta ulibaki na unyevu wakati wa pande zote ulikuwa umekauka. Si maajabu, ni wiki chache tu zaidi. Lakini wiki chache mwezi wa saba ni bakuli za nyanya sokoni wakati wengine hawana, na safari za bidoni ambazo mama hakuzifanya. Babu alikuja mara moja. Alitembea juu ya tuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, akigonga kwa fimbo yake ya kutembelea, akakaa kwenye mlango wa maji. Akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna. Akaomba nanasi.

Jirani wa kwanza alikuja kuazima kipimo cha A mwezi wa nane. Alisema ni kwa siku mbili. Sasa ni mwezi wa tatu hajakirudisha, nimesikia kimevuka kijito kiko kwa shemeji yake, na mimi natafuta miti ya kutengeneza kingine.